Fonti ya mwandiko wa mkono: itumie wapi, iache wapi

Fonti za mwandiko wa mkono, zile zinakaa kama mtu kaandika na kalamu fasta fasta, ni tamu kuangalia ila zinaponza. Mi nishawahi kutengeneza kadi ya mwaliko yote kwa fonti hiyo, jina, mahali, namba ya simu, kila kitu, matokeo yake tarehe 11 watu wakaisoma 17 nikashinda kwenye simu kurekebisha.

Sikuhizi kabla sijaichagua naandika kwanza "maandishi", "choo" na "ng'ombe", na namba zote kuanzia 0 mpaka 9. Angalia hizo a mbili, zikitoka pacha kabisa fonti imejiumbua, maana mkono wa mtu haurudii herufi vilevile, na Kiswahili kimejaa irabu mbilimbili kwahiyo utaliona hilo kila mstari. Caveat (ipo bure Google Fonts) hilo imelifikiria, herufi zake zinabadilika kidogo kufuata jirani zake. Kwenye Word lakini hiyo kitu mara nyingi imezimwa, inabidi uingie kwenye mipangilio ya fonti, sehemu ya advansi, uiwashe. Kwenye ng'ombe cheki kama ile alama ya juu imekaa vizuri au imeachia pengo kama jino lililong'oka.

Ukishaipata, ipe maneno machache. Kichwa cha posta, neno la asante, kinoti pembeni ya picha, mishale na maelezo kwenye mchoro, hapo inang'aa. Aya ndefu, bei, tarehe na namba za simu peleka kwenye fonti ya kawaida iliyonyooka, usiweke fonti ya pili ya mwandiko, zitagombana. Saizi ongeza, nyingi herufi zake ndogo ni fupi mno, 12 inaonekana kama 9. Zile zilizoungana usizitanue nafasi kati ya herufi, viungo vinakatika, na HERUFI KUBWA TUPU ndio kabisa usiombe.

Comic Sans je, ile fonti ya mwandiko wa katuni inayochekwa sana? Mi siichukii. Vincent Connare aliichora akiwa Microsoft mwaka 1994 baada ya kuona mbwa wa katuni kwenye programu ya Microsoft Bob anaongea kwa Times New Roman, fonti rasmi ya vitabuni, akaona haiendani, na kweli haiendani. Shida ilianza watu walipoitoa kwa katuni wakaipeleka kila mahali, mwaka 2012 wanasayansi wa CERN, ile maabara kubwa ya fizikia Ulaya, walitangaza chembe ya Higgs kwa slaidi za Comic Sans na watu wakacheka fonti badala ya kusikiliza.

Jambo la mwisho kabla ya kuprinti, soma leseni kama inaruhusu kazi ya biashara, halafu toa PDF yenye fonti ndani yake, la sivyo kompyuta ya mchapaji itaweka fonti yake yoyote na mwandiko wako ndo basi tena.