Kabla ya kulipia nyumba mpya Dar es Salaam: ukaguzi wa ardhi, paa, choo na mkataba

Nyumba mpya ina upungufu mmoja ambao wanunuzi wengi hawauhesabu: haijapitia masika hata moja. Nyumba iliyokaa miaka kumi imeshaonyesha paa linavuja wapi na choo kinagoma lini. Mpya imepakwa rangi juzi, na rangi mbichi hufunika mengi. Kuijaribu ni kazi yako mnunuzi, na lazima uifanye kabla fedha haijatoka yote. Maelezo haya yanahusu nyumba zinazojengwa ili ziuzwe, kama zile za Goba, Madale, Bunju, Kinyerezi na Kigamboni.

Ardhi kwanza, sebule baadaye

Mnunuzi huingia, akaona dari la jipsamu na kabati za jikoni, moyo ukakubali, na tangu hapo karatasi zikawa jambo la kukamilisha tu. Geuza mpangilio huo. Chukua nakala ya hati yenye namba ya kiwanja na kitalu, umpe wakili wako (si wakili wa muuzaji) afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi unaonyesha mmiliki aliyesajiliwa, muda wa umiliki uliobaki, rehani ya benki, na kama kuna mtu ameweka zuio la kuhamisha umiliki. Kwenye nyumba mpya rehani ni ya kuangalia kwa makini, maana wapo wanaojenga kwa mkopo na kiwanja chenyewe ndicho dhamana.

Hati ikiwa halali, bado haijakuambia kama nyumba imesimama ndani ya kiwanja hicho. Mlipe mpima ardhi aliyesajiliwa aje na ramani ya upimaji, atafute bikoni zote (alama za mipaka ya kiwanja) na kupima. Uzio ukizidi bikoni kwa mita moja, mita hiyo si yako hata kama umeilipia. Mwambie apime pia umbali kutoka barabarani na bondeni. Sheria ya Barabara ya 2007 imetanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe. Alama ya X ya kubomolewa iliyo ukutani inaweza kupakwa rangi kabla hujafika. Umbali haupakwi rangi.

Omba kibali cha ujenzi cha halmashauri, ulinganishe ramani iliyopitishwa na nyumba unayoiona, na uone risiti za kodi ya pango la ardhi. Muuzaji akiwa na mke au mume, idhini ya mwenza iandikwe na kusainiwa mbele ya wakili, kwa sababu mauzo yasiyo nayo yanaweza kupingwa mahakamani. Barua ya serikali ya mtaa inakusaidia kumtambua muuzaji, lakini haihamishi umiliki.

Panda darini

Hapa ndipo nyumba inasema kweli, na ndipo wanunuzi wachache hufika. Juu ya dari hakuna lipu wala rangi. Nenda saa sita mchana jua likiwa kali, ukiwa na ngazi, tochi, msumari wa inchi nne na fundi wa kupaua ambaye hana undugu na muuzaji. Mfuniko wa dari ukiwa haupo, taka utengenezwe kabla ya ukaguzi.

Mkiwa juu, zimeni tochi kwanza. Kila nukta ya mwanga kwenye bati ni tundu la msumari au maungio mabaya, na ndipo maji yatakapoingilia. Kisha washeni mtazame kenchi: mbao zilizotiwa dawa kwa kawaida huwa na rangi ya kijani hafifu, na dawa hiyo ndiyo kinga dhidi ya mchwa na wadudu wanaobungua mbao. Tazameni kama kenchi zimefungwa kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya kuta) au zimewekwa tu juu ya ukuta. Zisizofungwa, upepo mkali unaweza kuziinua pamoja na bati. Ulizeni geji ya bati, mkikumbuka kwamba namba ikikua bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 kuliko 32.

Sasa kwaruza tofali za ukuta wa juu kwa ule msumari. Tofali nzuri inaacha mstari mwembamba. Mbovu inamwagika mchanga. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa tofali imara za inchi sita kama 25 hadi 35, na anayetaka faida husukuma idadi juu ya hapo. Tofali za darini mara nyingi ni zilezile zilizojengea vyumba.

Kuta na sakafu

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu hutokana na kukauka, na putti inazimaliza. Za kuogopa ni zinazopanda kwa ngazi zikifuata maungio ya tofali, zinazopenya hadi upande wa pili, au zinazoingia sarafu. Hizo zinaonyesha msingi umekaa vibaya, hasa penye udongo wa mfinyanzi unaovimba mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi. Ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha huonyesha udhaifu wa lenta. Ukikuta nyufa za aina hii, mwite mhandisi kabla ya kuendelea na mazungumzo ya bei.

Pitisha kiganja sehemu ya chini ya kuta, hadi usawa wa goti. Unyevu, unga mweupe wa chumvi, au rangi mpya zaidi sehemu hiyo tu, ni ishara kwamba nailoni ya kuzuia unyevu haikuwekwa juu ya msingi au imetoboka. Nje, sakafu iwe juu ya ardhi kwa sentimita 15 angalau. Tailizi zigonge kwa sarafu. Zinazolia kama debe tupu hazikushika saruji na zitabanduka.

Maji na choo

Mwaga ndoo ya maji bafuni. Yote yaende kwenye tundu, yasibaki pembeni wala kutoka mlangoni. Kisha fungua bomba zote, vuta vyoo vyote kwa wakati mmoja, huku mwenzako akitazama chemba za majitaka zikiwa wazi. Maji yakisimama kwenye chemba, mteremko wa bomba ni mbaya au kuna mabaki ya saruji ndani.

Fungua karo, yaani tangi la majitaka ya choo. Karo la nyumba ambayo haijakaliwa likiwa limejaa maji, uliza kwa nini. Agiza linyonywe, urudi kesho. Yakiwa yamerudi bila mtu kutumia choo, ni maji ya ardhini yanayopenya, na masika yatakapofika choo hakitashuka. Maeneo ya chini karibu na bahari yana tatizo hili sana. Penye kisima, shimo la kunyonya liwe mbali nacho mita 30.

Umeme

Hakikisha mita ya LUKU ni ya nyumba hiyo, si waya uliovutwa kwa jirani. Waya za darini zipite ndani ya paipu. Zilizosokotwa na kufungwa utepe ni chanzo cha moto. Bonyeza kitufe cha majaribio kwenye swichi ya kinga, ile inayokata umeme unapovuja: isipokatika, haifanyi kazi. Fundi apime volti jioni, saa mbili hadi saa nne, wakati mtaa mzima umewasha. Kiwango ni 230. Ikishuka chini ya 207, friji na kiyoyozi vitateseka.

Mkataba na malipo

Kila kasoro uliyoiona iandikwe kwenye kiambatisho cha mkataba, na tarehe ya kuirekebisha. Zuia asilimia 5 hadi 10 ya bei kwa miezi sita hadi kumi na miwili, muda uguse masika. Muuzaji akikataa kabisa, punguza bei kwa gharama ya matengenezo au tafuta nyumba nyingine.

Usikubali kuandika bei ndogo kuliko unayolipa ili kodi ipungue. Mauzo yakivunjika, mahakamani utaanza na kiasi kilichoandikwa. Mkataba useme nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji TRA, kwani bila uthibitisho wa kodi hiyo uhamisho hausajiliwi. Kwa kampuni, uliza kwa maandishi kama bei imejumuisha VAT. Kwa ghorofa za kuuziwa sehemu, dai hati ya sehemu yako chini ya sheria ya 2008, si mkataba wa mauziano peke yake.

Lipa kwa benki, kwa akaunti yenye jina lililo kwenye hati, na bakiza fungu kubwa hadi fomu za uhamisho zisainiwe. Jina lako likishasajiliwa, badilisha pia umiliki wa akaunti ya maji na mita ya umeme, kisha weka tarehe ya kupanda tena darini baada ya mvua kubwa ya kwanza, kabla muda wa kuzuia ile asilimia ya bei haujaisha.