Kuishi na valvu mpya ya aota kando ya Ziwa Victoria

Kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, dai karatasi yenye aina ya valvu uliyowekewa (mlango bandia wa moyo unaopitisha damu kwenda kwenye aota, mshipa mkuu wa mwili), ukubwa wake, tarehe ya upasuaji na kiwango cha INR unachotakiwa kukaa nacho (namba ya kipimo cha damu: ikipanda, damu inachelewa zaidi kuganda). Ipige picha kwa simu, na nakala nyingine akae nayo mtu wa nyumbani. Valvu ya chuma na valvu ya tishu hazitunzwi kwa namna moja, na daktari atakayekupokea usiku huko Sengerema au Nansio hawezi kukisia una ipi.

Ya chuma (sehemu kubwa yake ni kaboni ngumu) inaweza kudumu maisha yako yote, ila damu huganda juu yake kwa urahisi, kwa hiyo utameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yako yote. Ya tishu hutoka kwa ng'ombe au nguruwe. Dawa ya kuzuia damu kuganda mara nyingi hutumika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, kisha aspirini ya dozi ndogo. Valvu hiyo huchakaa, kwa kawaida baada ya miaka 10 hadi 15, na kwa kijana mapema zaidi. Kwa hiyo mwenye valvu ya tishu asiache kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti): cha kwanza ndani ya miezi 3 baada ya upasuaji ili kiwe cha kulinganishia, kisha walau kila mwaka, hata kama anajisikia mzima kabisa.

Wafarini na INR

Kwa valvu ya chuma ya kisasa kwenye aota, na mapigo ya moyo yakiwa na mpangilio, lengo la kawaida ni INR kati ya 2 na 3. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, au aliyewahi kupata donge la damu, huwekewa 2.5 hadi 3.5. Ikishuka chini ya lengo, donge linaweza kujijenga kwenye valvu na kurukia ubongoni. Ikipita 4, hatari ya kutokwa na damu inapanda haraka.

Meza saa ileile kila siku, na bora iwe jioni, tuseme saa 2 usiku. Damu hupimwa asubuhi. Daktari akibadili dozi mchana, unaanza usiku huohuo. Mwezi wa Ramadhani saa hiyo inabaki ileile, baada ya futari. Ukisahau na ukakumbuka kabla ya kulala, meza. Ukikumbuka kesho yake, iache iliyopita, meza ya leo tu, na uandike kwenye daftari. Usimeze mbili kufidia. Taja dozi yako kwa miligramu, usiitaje kwa rangi ya kidonge, maana rangi hutofautiana kiwanda kwa kiwanda.

Dozi huhesabiwa kwa wiki. Anayemeza miligramu 5 kila siku anapata 35 kwa wiki. INR ikiwa chini kidogo, daktari anaweza kuongeza nusu kidonge siku moja tu, labda Jumatano: siku hiyo 7.5, jumla ya wiki 37.5. Ni nyongeza ya kama asilimia 7, na mara nyingi inatosha. Matokeo yake huanza kuonekana baada ya siku 2 au 3 na hayatulii kwa siku kadhaa zaidi. Anayepandisha kila siku kwa kukimbizana na kipimo huamka wiki inayofuata na INR ya 6.

Mwanzoni utapima kila baada ya siku chache, halafu kila wiki, na ukishatulia kila wiki 4. Piga simu maabara kabla ya kupanda meli au basi, uulize kama vitendanishi vya INR vipo siku hiyo. Kama havipo, muulize daktari wako pa kwenda badala ya kuruka mwezi. Tunza akiba ya vidonge vya wiki 2 juu ya unavyohitaji. Mvuvi anayekwenda kambini visiwani avibebe kwenye kopo lisiloingia maji, pamoja na daftari.

Wengi huambiwa waache mboga za majani. Huo ni ushauri mbaya. Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga vina vitamini K, inayopunguza nguvu ya wafarini, lakini mwili ukizoea kiasi kilekile, dozi hupangwa kukifuata. Kinachovuruga ni kubadilika ghafla: masika matembele kila siku, kiangazi wiki 3 za ugali na dagaa pekee. Kula mboga kiasi kinacholingana kila wiki, na msimu ukikubadilishia chakula, pima mapema. Unga wa majani ya mlonge usianze bila kumwambia daktari. Pombe ya kulewa, gongo hasa, huvuruga dawa na kukuangusha kwa pamoja.

Duka la dawa

Hapa ndipo wengi huumia, na kwa dawa ambazo kila mtu anazijua. Flagyl ya tumbo, Septrin, flukonazoli ya fangasi na siprofloksasini zinaweza kupandisha INR sana ndani ya siku chache. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ya kujinunulia huchubua tumbo damu ikiwa tayari nyepesi. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huishusha INR, na baada ya matibabu kwisha dozi ya wafarini iliyopandishwa lazima ishushwe tena, la sivyo damu itatoka. Kwa maumivu tumia parasetamoli, isizidi gramu 2 kwa siku ukiitumia siku nyingi mfululizo. Ukilazimika kuanza dawa mpya yoyote, mitishamba ikiwemo, pima INR siku ya 3 hadi ya 5.

Kuna dawa mpya za kuzuia damu kuganda zisizohitaji kipimo: dabigatrani, rivaroksabani, apiksabani. Usikubali kubadilishiwa ukiwa na valvu ya chuma. Utafiti wa dabigatrani kwa watu wenye valvu hizo ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu madonge na kutokwa na damu vyote vilizidi.

Homa

Bakteria akiingia kwenye damu anaweza kujishikiza kwenye valvu bandia na kuila taratibu. Dalili huanza kama homa yoyote ya kanda hii: baridi, uchovu, jasho la usiku. Mgonjwa anapewa dawa ya malaria, kisha ya taifodi, homa inapungua siku 4, inarudi. Dozi hizo fupi za antibayotiki haziui maambukizi, ila zinaficha mdudu maabara isimwone.

Kwa hiyo, ukiwa na homa, pima malaria kama kawaida na utibiwe ikionekana. Isipoonekana, au homa ikirudi, usimeze antibayotiki yoyote. Nenda hospitali kubwa, Bugando ya Mwanza au nyingine yenye maabara ya kuotesha damu (kumkuza bakteria aliyemo ili atambulike), na sentensi yako ya kwanza iwe: "Nina valvu bandia ya moyo." Omba damu ya kuotesha ichukuliwe mara 3, kwa michomo tofauti, kabla ya dozi ya kwanza. Usione haya kulisisitiza hilo.

Lango kubwa la bakteria hao ni kinywa. Piga mswaki laini mara 2 kwa siku, umwone daktari wa meno kila miezi 6. Kabla ya kung'oa jino au kusafisha fizi, mtu mzima humeza amoksilini gramu 2 kwa mkupuo, yaani vidonge 4 vya miligramu 500, dakika 30 hadi 60 kabla. Mwenye mzio wa penisilini aandikiwe nyingine, mfano azithromisini miligramu 500. Wafarini usiiache kwa ajili ya jino: pima INR siku moja au mbili kabla, ikiwa ndani ya lengo jino linang'olewa, na unang'ata kitambaa safi kwa nusu saa. Chale na kuumikwa ziache kabisa.

Kama valvu yako iliharibiwa na homa ya baridi yabisi, sindano ya benzathini penisilini ya kila wiki 3 au 4 inaendelea hata baada ya upasuaji, maana valvu nyingine bado ni zako. Pima INR kabla ya sindano, kisha kandamiza palipochomwa dakika 10.

Kichocho, ujauzito, kazi

Kichocho cha tumbo, kilichozoeleka pwani ya ziwa, kinaweza kuharibu ini hadi mishipa ya koo la chakula ikavimba. Mishipa hiyo ikipasuka kwa mtu anayemeza wafarini, damu haisimami kirahisi. Aliyewahi kutapika damu, au aliyeambiwa bandama limekua, aseme mapema. Wengine wapime na kunywa prazikwanteli wanapoelekezwa.

Mwanamke anayetaka mtoto aonane na daktari wa moyo kabla ya kushika mimba. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 12, lakini kuiacha ghafla kunaweza kumuua mama. Kunyonyesha huku unameza wafarini kunaruhusiwa.

Kuvuta nyavu na kubeba magunia vingoje miezi 3, mfupa wa kifua uunge. Kwenye bodaboda vaa kofia ngumu kila safari. Ukigonga kichwa, nenda hospitali hata kama huna jeraha.

Mdomo kupinda, mkono kulegea, kinyesi cheusi kama lami, au kutapika damu: ondoka saa hiyohiyo. Na izoee sauti ya valvu ya chuma, ule mlio mdogo kama saa ya mkononi unaosikika nyumba ikitulia. Ukififia au ukinyamaza, na pumzi zikawa fupi, huenda donge limebana vibawa vyake. Hapo usisubiri meli ya asubuhi.