Kutumia Kigeuzi cha Analogi-Dijitali katika Transmita ya Nyaya Mbili

Transmita ya nyaya mbili, yaani kifaa kinachopeleka kipimo cha kihisi kwa mkondo wa miliampia 4 hadi 20, hujiendesha kwa umeme unaopita katika nyaya zile zile zinazopeleka kipimo, na kwa kuwa kipimo huanzia miliampia 4, saketi yote ya ndani hulazimika kuishi chini ya kiwango hicho. Pendekezo NE 43 la NAMUR, chama cha watumiaji wa mitambo ya kujiendesha viwandani, huhesabu mkondo wa miliampia 3.6 au pungufu kuwa ishara ya hitilafu, hivyo transmita isiyoweza kushuka hadi hapo haiwezi kutoa taarifa hiyo ya ubovu. Panga matumizi yote yasizidi miliampia 3.3, ndipo ufungue karatasi ya vipimo ya kigeuzi, kijenzi kinachobadili ishara ya kihisi kuwa namba.

Usivutwe na idadi ya biti. AD7124-4, kigeuzi cha biti 24 cha aina ya sigma-delta (husoma mara nyingi kwa kasi, kisha huchuja kupata namba moja sahihi), hutumia takriban mikroampia 255 katika hali ya nguvu ndogo na takriban 930 katika hali ya nguvu kamili. Tofauti hiyo, ambayo ni theluthi mbili ya miliampia, inatosha kuendesha mikrokontrola ya kiasi. Kwa kupima joto, ambalo hubadilika polepole, hali ya nguvu ndogo inafaa kabisa.

Kwa Pt100, kihisi cha joto cha platini chenye ukinzani wa ohmu 100 kwenye nyuzi 0, pitisha mikroampia 250. Kwenye nyuzi 0 utapata milivolti 25, na kila nyuzi moja ya Selsiasi itaongeza takriban mikrovolti 96. Mkondo huo huo upitishe pia katika rezista sahihi ya ohmu 5,110, na volti yake, karibu 1.28, uifanye rejea ya kigeuzi, yaani kiwango ambacho kigeuzi hulinganisha ishara nacho. Mkondo ukiyumba, ishara na rejea huyumba pamoja na uwiano wake haubadiliki. Usahihi wote sasa unategemea rezista hiyo, kwa hiyo usinunue ya bei rahisi. Ukikuza ishara mara 16, kikomo ni milivolti 80, kinachotosha hadi nyuzi 600. Chagua kasi ya usomaji ambayo kichujio chake huzima hezi 50 za gridi.

Daraja la kihisi cha shinikizo, yaani rezista nne zilizounganishwa ili tofauti ndogo ya ukinzani itoe volti, ni gumu zaidi. Daraja la ohmu 350 kwa volti 3 hunywa miliampia 8.6, kwa hiyo tumia la ohmu 5,000, au uliwashe kwa vipindi vifupi ukitumia chaji ya kapasita, na usomaji wa kwanza, unaotoka kabla kichujio hakijatulia, uutupe.

Mwishowe unganisha miliamita kwa mfululizo, pasha bodi hadi nyuzi 85, punguza volti hadi kiwango cha chini kinachoruhusiwa, kisha uchomoe kihisi ili kuiga hitilafu: mkondo lazima ushuke hadi 3.6 au chini yake na ubaki hapo.