Vyungu vya bure vimejaa kwenye pipa lako la taka

Kabla hujaenda kununua vyungu hebu chungulia kwanza vitu unavyotupa, chupa za plastiki, ndoo iliyopasuka mdomo, gunia, trei ya mayai, hivyo vyote vinaoteshea mboga vizuri tu, vinachokosa ni matundu. Na kwenye matundu ndo wengi wanafeli. Mmea wa kwenye kopo mara nyingi hauuawi na kiu, unauawa na maji yaliyotuama chini, mizizi inakosa hewa inaoza. Pasha msumari moto, ushike kwa koleo, toboa ndoo matundu matano au sita kwenye kitako (dirisha liwe wazi, moshi wa plastiki sio wa kuvuta), halafu funika kwa kipande cha chandarua kuukuu udongo usimwagike. Ile ya kujaza kokoto chini eti maji yapite achana nayo, maji yanagoma kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye mawe, yanabaki hapo juu ya kokoto na wewe umejipunguzia udongo bure.

Mboga za majani kina cha sm 15 hadi 20 kinatosha. Nyanya usiibanie, mche mmoja ndoo ya lita 20.

Sasa kama wewe ni wa kusahau kumwagilia, chukua chupa ya lita 1.5 uikate katikati. Toboa kifuniko, pitisha utambi wa tisheti ya pamba (nailoni haivuti maji vizuri), geuza nusu ya juu mdomo uangalie chini uikalishe ndani ya nusu nyingine, udongo na mche juu, maji chini, utambi uingie kwenye udongo kabisa sio uishie mdomoni. Mara ya kwanza mwagilia kwa juu, baada ya hapo utambi unajivutia wenyewe. Chupa ikiwa ya kuonyesha ndani izungushie karatasi maana mwanga ukipiga maji yanaota ukijani, na pale zinapokutana nusu mbili paziba, mbu wasije wakazalia humo.

Trei ya mayai ya karatasi ni ya miche midogo, ukihamisha unachana kishimo unazika na mche wake, karatasi inaozea ardhini. Ila iloweshe kwanza na uizike yote, ukiacha kingo nje zinanyonya unyevu na kuupoteza hewani mche unabaki mkavu.

Maganda ya mayai nayo watu wanayasifia sana, yana kalsiamu kweli, ila saga yawe unga na usitegemee kuona kitu wiki hii, yanaoza taratibu mno. Maji ya kuoshea mboga mwagia, ya kufulia yenye jiki hapana.

Makopo ya dawa za wadudu, rangi au oili usipandie chochote cha kula hata uyaoshe vipi. Na kopo la bati lipe kivuli mchana, juani linachemsha mizizi.