Zawadi za mwanafunzi anayekwenda kusoma Ujerumani: mwongozo kwa ndugu na jamaa

Viza ikishatoka, wanafunzi ninaowasaidia maombi ya vyuo vya Ujerumani hunyamaza, na mashangazi na wajomba ndio wanaoanza kunipigia simu. "Tumpe nini huyu mtoto?" Wengi wanauliza wakiwa tayari wako Kariakoo, bei ya blanketi imeshaelewana. Blanketi lirudishe. Ujerumani kuna kila kitu, na vingi ni vya bei nafuu kuliko nauli ya kuvipeleka. Zawadi inayofaa ni ile inayomvusha wiki za mwanzo, wakati hajui duka lipi linauza nini na pesa zake za benki bado hawezi kuzigusa. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, maana ya kwanza ndiyo inayoamua zote zinazofuata.

Hatua ya 1: Omba tiketi yake, usome kilo

Tiketi nyingi za daraja la kawaida huhesabu begi kwa kilo 23. Wengine wana begi moja, wengine mawili, kwa hiyo usibahatishe. Kumbuka pia begi kubwa likiwa tupu limeshakula kilo tatu mpaka tano. Na usidhani kila kitu kinalipika: begi moja likipita kilo 32 hulazimika kupunguzwa, hata uwe na pesa mfukoni.

Kama tiketi haijakatwa, hapo ndipo penye zawadi ya kwanza. Mashirika kama Qatar Airways, Emirates na Turkish Airlines yana ofa za wanafunzi zinazoongeza mizigo. Mjomba anayelipia begi la pili kabla ya safari amefanya jambo kubwa kuliko aliyenunua saa.

Halafu mchague mratibu mmoja kwenye kundi la WhatsApp la familia. Si kamati, mtu mmoja tu, mwenye orodha, na mwenye ubavu wa kumwambia mama mkubwa "hapana". Bila yeye mtaishia na mabegi matatu ya mgongoni na hakuna aliyenunua adapta.

Hatua ya 2: Bahasha ya yuro

Hapa ndipo familia nyingi hushangaa. Mwanafunzi ameweka yuro 11,904 kwenye Sperrkonto, ile akaunti maalumu inayotakiwa kwa ajili ya viza. Nyumbani wote wanajua ana pesa. Lakini pesa hizo hutoka kidogo kidogo, yuro 992 kwa mwezi, na hazianzi kutoka mpaka awe amefika na kufungua akaunti ya kawaida. Benki nyingi nazo humdai cheti cha kujiandikisha makazi, wenyewe wanaita Anmeldung, na kwenye miji mikubwa kupata miadi ya kujiandikisha kunaweza kuchukua wiki. Katikati ya hayo mwenye nyumba anataka kodi na amana. Sheria inaruhusu amana ifike kodi ya miezi mitatu, ingawa mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Mwambie hilo la awamu, wenye nyumba hawana haraka ya kulitaja.

Kwa hiyo michango ya familia ibadilishwe kuwa yuro. Mimi hupendekeza angalau kodi ya mwezi mmoja, sehemu ya kwanza ya amana, na chakula cha wiki tatu. Omba noti za 10, 20 na 50. Noti ya 200 ni nzuri kwenye picha, dereva wa basi hatakuwa na chenji yake. Pesa zisikae kwenye begi la kupakia. Agawe sehemu mbili, mwilini na kwenye mkoba wa mkononi.

Hatua ya 3: Umeme na vifaa

Umeme wa Ujerumani ni volti 230 kama wa kwetu, kwa hiyo vifaa havitaungua. (Anayekwenda Marekani au Kanada ana habari nyingine: kule ni volti 120.) Tatizo ni soketi. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kwenye matundu mawili ya mviringo. Usinunue adapta tano. Nunua adapta moja imara na ekstensheni fupi ya hapa nyumbani: adapta inaingia ukutani, ekstensheni inaingia kwenye adapta, na chaja zote zinakaa kama zilivyozoea. Ni kwa simu na laptopu tu. Birika la umeme na pasi akanunue huko.

Laptopu, kama kuna mwenye uwezo, inunuliwe hapa. Si kwa sababu ya bei. Laptopu za madukani Ujerumani huja na kibodi ya Kijerumani ambayo Z na Y zimebadilishana nafasi na alama nyingi zimehamishwa. Kuandika tasnifu ya Kiingereza juu yake ni mateso yasiyo na sababu.

Pawabenki ni zawadi nzuri na nyepesi, ila ipande naye kwenye ndege, isiwekwe kwenye begi la kupakia. Kikomo cha kawaida bila kuomba kibali ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha nishati inayobebwa na betri). Kupata Wh, zidisha mAh zilizoandikwa juu yake kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000. Ya mAh 20,000 inatoa 74, inaruhusiwa. Zile zinazodai mAh 50,000 mwachie muuzaji.

Hatua ya 4: Kitanda, kwa ufupi

Vyumba vingi vya hosteli za wanafunzi huwa na godoro tupu. Kitanda cha kawaida ni sentimita 90 kwa 200. Shuka za futi nne kwa sita zilizoshonwa kwa kipimo hicho zitakuwa fupi; beba shuka moja pana isiyo na lastiki, aikunje atakavyo. Foronya usijisumbue, mito mingi ya Kijerumani ni mraba wa sentimita 80.

Zaidi ya hapo, doti moja ya kanga. Ni shuka ya kwenye ndege, ni taulo, ni pazia la siku ya kwanza. Jina lake lichague kwa makini, maana litasomwa sana Novemba jua likizama saa kumi na nusu jioni. "Japo sipati tamaa sikati" linafaa. Yale ya kumpiga vijembe mke mwenza tuyaache hapahapa.

Hatua ya 5: Chakula, na samli ya bibi

Samli ya bibi hairuhusiwi. Najua inauma. Umoja wa Ulaya unamkataza abiria kutoka nje ya umoja huo kuingia na nyama au maziwa ya aina yoyote, kwa hiyo nyama kavu, samli, jibini na maziwa ya unga vyote vinabaki. Embe na matunda mengine mengi nayo hayaingii bila cheti cha afya ya mimea. Zilizosamehewa ni chache: ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani. Asali inaruhusiwa mpaka kilo mbili. Samaki wakavu sheria inawaruhusu, ila mfikirie mwenzake wa jikoni siku dagaa watakapokaangwa.

Unga wa sembe ni mzito na unapatikana kwenye maduka ya Waafrika, ambayo yapo karibu kila mji wenye chuo kikubwa. Kisichopatikana kwa ladha ya kwetu ni viungo. Kwa hiyo shangazi mwenye mkono wa pilau achanganye bizari yake mwenyewe, aisage, aifunge mara mbili na kuandika jina juu ya kila pakiti, kwa sababu unga wa kahawia usio na jina huongeza maswali forodhani. Iliki, karafuu, mdalasini, majani ya chai, ubuyu wa Zanzibar, korosho zilizokaangwa, kashata za nazi: vyote ni vyepesi na havina ugomvi.

Pia mfungie chakula cha siku mbili cha kula bila kupika. Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa, isipokuwa machache ya kwenye stesheni kubwa na viwanja vya ndege. Muhula wa baridi unaanza Oktoba, na tarehe 3 Oktoba ni sikukuu ya taifa. Ikiangukia Jumamosi, mgeni aliyefika Ijumaa usiku anakaa siku mbili bila duka; ikiangukia Jumatatu, yanamkuta aliyefika Jumamosi usiku.

Hatua ya 6: Zawadi zisizo na uzito

Hizi ndizo nizipendazo, na ndizo zisizotolewa. Mpeleke akapimwe macho, mtengenezee miwani ya pili; kule bima ya kawaida mara nyingi haimlipii mtu mzima miwani. Mlipie daktari wa meno. Binti alipiwe kusuka siku chache kabla ya safari na apewe pakiti za rasta za rangi yake, kwa kuwa bei ya kusukwa kule humfanya mtu ajifunze kusuka mwenyewe. Anayetumia dawa abebe zisizozidi za miezi mitatu, pamoja na barua ya daktari.

Kama bado kuna miezi, mlipie kozi ya Kijerumani Goethe-Institut, Dar es Salaam. Hata anayesoma kwa Kiingereza atakutana na barua za serikali za Kijerumani.

Na laini yake ya simu: mmoja wenu ajitwike kuiwekea salio mara kwa mara baada ya kuhakikisha imewashwa kutumika nje. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na ikifungwa anapoteza M-Pesa na namba za siri ambazo benki ya nyumbani humtumia.

Hatua ya 7: Baridi

Koti zito usimnunulie dukani. Nenda soko la Karume kwenye mitumba, makoti ya Ulaya yamejaa na wanunuzi ni wachache. Moja linatosha, na alivae safarini lisihesabiwe kilo. Ongeza fulana na suruali za ndani za kubana mwili, glavu na soksi nzito. Viatu vya theluji atavinunua huko kwa mguu wake.

Hatua ya 8: Bakizeni kitu

Mkae na sehemu ya michango mpaka Desemba. Wakati huo atakuwa anajua anachokosa, na pengine kuna mtu wa kwao anayesafiri. Mkituma kwa posta, zawadi ya mtu kwa mtu yenye thamani isiyozidi yuro 45 haitozwi ushuru Ujerumani. Andikeni kwenye fomu kila kilichomo na thamani yake halisi, na mkanye shangazi asiingize samli.