Mtoto akijiunga na 4-K, mpe tuta lake nyumbani

Tangu binti yangu ajiunge na klabu ya kilimo ya wanafunzi ya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, shuleni kwao hapa Kisumu, jambo lililomfaa kuliko yote ni kupewa, wiki ileile ya kwanza, tuta dogo la sukuma wiki nyumbani pamoja na daftari la kuandikia tarehe, kazi aliyoifanya, pesa zilizotumika na pesa zilizopatikana. Klabu hukutana kwa muda mfupi tu na bustani ya shule ni ya wengi, hivyo mtoto anaweza kupalilia muhula mzima bila kuliona zao likifika mwisho. Lakini tuta lake mwenyewe humlazimu aupapase udongo kila asubuhi ajue kama umekauka, achume majani ya chini na kuyaacha yale machanga ya juu, kisha apige hesabu ya faida kwa mkono wake. Asiye na shamba atumie gunia lililojazwa udongo na samadi, lenye mawe katikati ya kupitishia maji. Mbinu hii hushindwa mzazi anapogeuka kuwa mkulima mwenyewe, au anapozichukua pesa za mboga bila kumwuliza mtoto. Nimeona ari ikizimika siku hiyohiyo. Vilevile, kama maji yako mbali, usianze Januari, bali subiri mvua za masika zinapoanza mwezi wa Machi, na miche ya kwanza isizidi 10.