SOMO: Kukata sini ya watu wawili wanaoongea, hatua kwa hatua

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni programu ipi nzuri ya kuediti. Jibu langu huwa linawakera watu: yoyote ambayo haikwami kwenye kompyuta yako. Zote zinakata. Kazi iko kwenye kujua pa kukata, na hilo nililijifunza kabla sijagusa mausi, nikiwa msaidizi kwenye meza ya Steenbeck, mashine ya kukatia filamu, mkasi mkononi na vipande vya filamu shingoni kama fundi cherehani na tepu yake.

Leo tukate sini moja ndogo, yaani onyesho moja la filamu. Mume na mke wako jikoni. Mume anauliza, "Barua umeisoma?" Mke anafuta glasi. Anajibu, "Nimeisoma." Basi. Sini imepigwa mara mbili, kwanza kamera ikimtazama mume, kisha ikimtazama mke.

Hatua ya 1: Nakili. Nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine. Kadi ya kamera usiifute mpaka umefungua nakala na kuiona inacheza. Hapa sina la kuongeza.

Hatua ya 2: Linganisha sauti na picha. Tafuta fremu, yaani picha moja moja ya video, ambayo vibao vya klapa (kile kibao kinachogongwa mwanzo wa shoti) vimegusana, tafuta mlio wake, vilaze pamoja. Programu nyingi sasa zinafanya hivyo zenyewe kwa kulinganisha mawimbi ya sauti, lakini kagua mwanzo na mwisho wa kila klipu. Niliwahi kupokea mahojiano ya dakika 40 yaliyopigwa kwa simu. Mwanzoni midomo na maneno vilikwenda sawa. Kufika mwisho mtu anafumba mdomo na sauti bado inaendelea. Simu ilikuwa ikibadilisha idadi ya fremu kwa sekunde kadiri mwanga ulivyobadilika. Faili za namna hiyo zigeuze kwanza ziwe na kasi moja isiyobadilika, ndipo uanze kazi. Mimi nilianza kazi kwanza, nikalipia kwa usiku mbili.

Hatua ya 3: Tengeneza proksi. Faili nyingi za kamera ndogo hazihifadhi kila fremu nzima. Zinahifadhi fremu moja kamili, kisha tofauti tu za zile zinazofuata. Ndiyo maana faili ni ndogo na kompyuta inahema: kila ukisimama mahali, inabidi ijenge upya fremu hiyo kutokana na jirani zake. Proksi ni nakala nyepesi ya kukatia, halafu mwishoni programu inarudisha faili halisi. Vijana wanadhani ni ujanja wa juzi. Enzi za filamu negativu haikuguswa kabisa. Tulikata kopi ya kazi, ikachanika na kuchafuka itakavyo, na mwisho kabisa mtu mwenye glavu nyeupe akaikata negativu kwa kufuata namba zilizochapwa pembeni mwa filamu.

Hatua ya 4: Tazama kila kitu. Chote, hata shoti zilizoharibika, bila kukata. Andika pale moyo uliposhtuka, kwa sababu mshtuko wa kwanza ndio atakaoupata mtazamaji, na wewe hutaupata tena. Filamu ilitulazimisha. Reli moja, yaani gurudumu moja la filamu, ya futi 1,000 ya milimita 35 ni kama dakika 11, na kufika mwisho wake ilibidi uipitie yote, huku macho yakiokota vitu ambavyo hukuwa unavitafuta. Kompyuta inakurusha moja kwa moja hadi ulichotafuta. Ni neema, na pia ni upofu.

Hatua ya 5: Panga mkato wa kwanza, mrefu na mbaya. Chagua shoti bora, ziweke kwa mpangilio, acha pumzi mwanzo na mwisho. Utachukia. Endelea.

Hatua ya 6: Sogeza mkato. Hapa ndipo kazi ilipo. Mkato wa kwanza wa karibu kila mtu ni wa mpira wa meza: mume anasema, tunamwona mume, mke anasema, tunamwona mke. Kila kitu kinaeleweka na hakuna anayejali.

Sasa acha sauti mahali pake, usogeze picha peke yake. Mume anaanza, "Barua…" tukimwona yeye. Kabla hajasema "umeisoma", hamia kwa mke. Swali linamwangukia mke mbele ya macho yetu. Kitambaa kinasimama juu ya glasi. Anajibu.

Kitambaa kisimame kwa muda gani? Kwa fremu 24 kwa sekunde, jaribu fremu 6, robo sekunde. Huyu ni mke aliyesoma barua. Weka fremu 18. Huyu kuna kitu anaficha. Mwigizaji ni yule yule, neno ni lile lile. Lev Kuleshov, mwongozaji filamu huko Urusi, alishalionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita: uso mmoja usio na hisia, ukiuweka kando ya bakuli la supu au kando ya jeneza, watu wanasoma mambo tofauti. Kwenye filamu ya milimita 35 tofauti ya fremu hizo 12 ni kama sentimita 23 za plastiki. Nilikuwa nikizitundika kwenye msumari juu ya pipa la vipande lenye kitambaa ndani na kuziandika namba, kwa sababu kesho mwongozaji angezitaka.

Hatua ya 7: Tazama bila kusimamisha. Mikono mbali na kibodi. Mara moja zima sauti. Kama hujui nani ana siri, rudi hatua ya 6. Ukiridhika, funga picha, yaani usiguse mkato tena, ndipo usafishe sauti na kupaka rangi. Ukipaka rangi mapema utaanza kuipenda shoti ambayo ilipaswa kutoka.

MASWALI

Mwalimu, shikamoo. Shoti mbili zangu haziendani: kwa mume glasi imejaa maji, kwa mke ni tupu. Nitupe ile nzuri?

Marahaba. Usiitupe. Walter Murch, mhariri wa Marekani, alipopanga vigezo vyake sita vya mkato mzuri aliipa hisia asilimia 51 na mpangilio wa vitu ndani ya nafasi asilimia 4. Mtazamaji akiwa machoni kwa mke, glasi haioni. Akiiona glasi, ujue tatizo lako si glasi.

Mkuu, kwa heshima, si mnatukuza tu ya kale? Undo, ile amri ya kurudi nyuma, haikuwepo.

Haikuwepo, na siikumbuki kwa hamu ile hali. Kuunganisha kwa gundi kulikula fremu, kwa hiyo kubadilisha mawazo kulikuwa na gharama. Na kanda za video zilizofuata zilikuwa mbaya zaidi: ukitaka kurefusha kitu dakika ya 5, unarekodi upya yote yaliyo mbele yake. Mifumo ya kuediti kwa kompyuta kama Avid ya mwaka 1989 ilipokuja ilitutoa gerezani. Ninachodai ni kimoja, kutazama kabla ya kukata.

Siku hizi akili mnemba inaandika maneno yote, unafuta sentensi kwenye maandishi na picha inajikata. Hatua ya 4 bado ina kazi?

Kwa mahojiano ya saa tatu natumia hiyo hiyo, na ninashukuru. Lakini fungua maandishi ya sini yetu uone: "Barua umeisoma? Nimeisoma." Kitambaa kiko wapi?

Nimeongeza zile fremu 12 kwa mke, sasa sini zote zinazofuata midomo haiendani na maneno. Nimekosea wapi?

Umerefusha picha peke yake kwa zana inayosukuma vilivyo mbele, sauti ikabaki pale pale. Rudisha. Kisha ama sukuma mistari yote ya picha na sauti pamoja, ama tumia zana ya kuviringisha mkato, ile inayochukua fremu kwa mume na kumpa mke bila urefu wa jumla kubadilika. Ukichagua kusukuma, jaza pengo la sauti kwa ukimya wa jikoni hilo hilo. Ukimya mtupu wa kompyuta unasikika.